Nani Aliyesema Jangwa ni Tupu?

Msomaji, chukua ramani ya Kenya uitandaze mezani, uweke kidole chako penye mji wa Isiolo, kisha ukipandishe polepole kuelekea kaskazini. Utaona kwamba majina yanapungua. Huku kusini mchoraji alikosa nafasi ya kuandika miji yake yote; kule kaskazini amebakiwa na karatasi nyeupe, na penye jangwa la Chalbi ametia vinukta vichache vya mchanga akaenda zake. Karatasi hiyo nyeupe imewadanganya watu wengi wenye elimu kubwa kuliko yangu. Wameitazama wakasema, "Hapa hapana kitu". Na mtu akishasema hapana kitu, haoni haja ya kuuliza kabla ya kupitisha chochote atakacho.

Nataka kuteta na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wasemao kwamba tathmini ya athari kwa mazingira, yaani uchunguzi unaotakiwa na sheria kabla barabara haijakatwa, ni anasa na kikwazo, hasa mahali pa jangwa. Wa pili ni wabaya zaidi. Hao huisifu tathmini kwa midomo, kisha wakaifanya kwa namna isiyomwuliza mtu yeyote neno lolote. Mimi mwenyewe niliwahi kuwasaidia hao wa pili, nami nitakueleza jinsi ilivyokuwa.

Usinidhanie kuwa adui wa barabara. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na kwa muda mrefu sehemu hiyo kubwa ilitendewa kama mtoto wa kambo. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliopanga uchumi wa taifa changa, ulishauri kwamba fedha za maendeleo zitiwe mahali penye ardhi nzuri, mvua, njia za usafiri na nguvu za umeme, ili faida ipatikane upesi. Fikiri maana yake: asiye na barabara asipewe barabara kwa sababu hana barabara! Msafiri wa kutoka Isiolo kwenda Moyale, mwendo wa yapata kilomita 500, alikuwa akipanda juu ya lori la mizigo na kula vumbi siku mbili au tatu, na mvua ikinyesha hakujua atafika lini. Lami ilipokamilika katika muongo wa 2010, mwendo huo ukawa wa siku moja. Mama mwenye uchungu wa uzazi akaweza kufikishwa hospitali mapema. Mwenye mbuzi akaweza kumpeleka mbuzi wake sokoni bila kumwuza kwa bei ya kuhurumiwa. Anayeibeza neema hiyo hajalala njiani.

Kwa hivyo hoja ya wapinzani wangu wa kwanza ina nguvu, wala sitaki kuipunguza. Wao husema, "Tumengoja tangu uhuru. Leo barabara imekuja, nanyi mwatuletea makaratasi na habari za vichaka na wanyama! Kwani jangwa lina nini cha kuharibika?" Swali hili la mwisho ni zuri. Na tulijibu.

Jangwa lina maji. Usicheke. Mvua ya kule ni chache, lakini ikinyesha hunyesha kwa hasira, na ardhi iliyokauka ikashikana haiwezi kuyanywa maji yote mara moja. Mahali penye mteremko mdogo, ambao jicho la mgeni haliuoni, maji hayo hayafuati mto. Hutambaa juu ya nchi kama shuka iliyotandikwa, upana wake mkubwa na kina chake vidole viwili vitatu. Yakitambaa hivyo hunywesha nyasi, huacha udongo mwepesi na mbegu, na mwishowe hukusanyika katika mabonde ambayo wafugaji wameyatia katika hesabu yao tangu zamani za mababu. Mgeni ajaye miezi miwili baadaye hukuta vumbi, naye huandika katika daftari lake: hapana mto.

Sasa weka barabara. Barabara njema ya lami hujengwa juu ya tuta, ili isilowe. Tuta la kimo cha mita moja, likikingama na mteremko ule mdogo, huwa ukuta wa kuzuia maji hata kama aliyelijenga hakukusudia. Upande wa juu maji husimama, miti ikaoza mizizi. Upande wa chini nyasi hungoja maji yasiyokuja. Mhandisi si mjinga, naye hupitisha mabomba ya saruji chini ya tuta. Lakini akiweka machache, maji yaliyokuwa shuka hugeuka kuwa kamba: hutoka kwa nguvu mahali pamoja, yakachimba korongo, na korongo hilo likaongezeka kila msimu hata likala malisho. Dawa yake yajulikana. Ni kuweka mabomba mengi, au kuiteremsha barabara mahali pa chini na kuisakafia, maji yapate kupita juu yake. Dawa hiyo ni rahisi kabla ya tuta kujengwa, na baada yake ni ghali mno. Hilo ndilo jambo kubwa la tathmini: haisemi barabara isijengwe, bali huuliza maji yatapita wapi, wakati kalamu ya mhandisi ingali mkononi.

Yako na mengine, nami nitayapita upesi. Ujenzi wenyewe hunywa maji, kwa kuwa udongo haushindiliki ukiwa mkavu, na aghalabu maji hayo hutolewa katika visima vile vile vinavyowanywesha ngamia. Changarawe huchimbwa katika mashimo makubwa. Shimo lenye kuta zilizosimama wima ni mtego wa watoto na ndama, ilhali shimo hilo hilo likilazwa kingo zake huwa silanga ya kunyweshea mifugo. Lori likishapata njia, makaa nayo hupata njia, na mgunga wa miaka mingi hulala chini kwa asubuhi moja. Punda milia wa Grevy, ambao wamebaki yapata elfu tatu tu duniani na wengi wao wako kaskazini mwa Kenya, hawajafundishwa kungoja gari lipite. Hata hilo lina dawa likiulizwa mapema: mwaka 2011 njia ya ndovu ilifunguliwa chini ya barabara kuu, kaskazini ya Mlima Kenya, ili watoke msituni kwenda nyikani bila kukanyaga lami, na ndovu wakaipokea bila kufundishwa na mtu.

Sasa nikiri hatia yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika mji mdogo wa kaskazini, nikiwakagua wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Nikaombwa kuwa mkalimani katika baraza. Barabara ilikuwa imekusudiwa kupita katika malisho ya nyuma ya mji, na ripoti ya tathmini ilikuwa mezani, kitabu kinene kilichoandikwa kwa Kiingereza. Kazi yangu ilikuwa kuyatia maneno ya ofisa katika Kiswahili. Kisha kijana wa pale angeyatoa katika Kiswahili changu na kuyatia katika Kirendille. Hivyo habari ilipaswa kuvuka mito miwili kabla ya kumfikia mwenyewe. Saa ilikuwa saba ya mchana, jua limesimama utosini. Tulikuwa katikati ya kiangazi, wakati ambao mifugo na vijana wote wako mbali, kwenye maji. Waliokaa chini ya mti walikuwa wenye maduka, akina mama wachache, watoto wa shule, na wazee wasioweza tena kufuata ngamia.

Tulipofika sura ya maji ofisa alinitazama, akaitazama saa yake, akasema, "Fupisha, mwalimu." Nikafupisha. Kurasa zipatazo arobaini nilizifanya sentensi moja: "Wanasema mambo ya maji yameshughulikiwa." Kijana akaifupisha zaidi. Ndipo mzee mmoja aliyesimama nyuma, ameegemea fimbo yake, akainua mkono akasema maneno machache. Kijana akanigeukia. "Mwalimu, mzee anauliza, maji yatapita wapi?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, hayo yamo kitabuni."

Naye akasema, "Basi kitabu na kinijibu."

Watu wakacheka, ofisa akacheka, na swali likafia katika kicheko. Mwisho wa baraza karatasi ya mahudhurio ikazungushwa. Mzee akatia alama ya dole gumba, na baadaye nilisikia dole gumba lile likihesabiwa miongoni mwa waliokubali. Nilirudi pale baada ya miaka miwili, kwa kazi ile ile ya kukagua. Barabara ilikuwa imekwisha, nyeusi, imenyooka, nami niliifurahia kwa dhati kwa sababu safari yangu ilikuwa fupi. Kisha nikatazama kando. Upande mmoja migunga ilisimama ndani ya matope yaliyokauka nusu, imekwisha kufa. Upande wa pili ardhi ilikuwa ya rangi ya jivu hata mwisho wa macho, na korongo jipya lilianza pale penye mdomo wa bomba. Pengine sura ile ya maji ilikuwa na jibu zuri ambalo mwanakandarasi alilipuuza. Pengine haikuwa na jibu, na mzee angeandikisha la kwake laiti angesomewa. Siwezi kukuambia, kwa maana sikuisoma; niliifupisha.

Utaniambia, sheria ndiyo mbovu. La, msomaji, sheria yetu katika jambo hili yanipendeza. Sheria ya usimamizi wa mazingira ilipitishwa mwaka 1999, na kanuni za tathmini zilizotolewa mwaka 2003 zilidai tangazo kwa mabango, gazetini, na redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji. Zilidai mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Zilidai tena, na hapa ndipo ningependa usome mara mbili, kwamba mahali na saa ya mkutano pawafae watu hao, na kwamba maoni yao ya mdomo yaandikwe pamoja na tafsiri zake. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katiba hiyo hiyo imeitambua ardhi ya jamii, ambayo zamani iliitwa ardhi ya amana na kushikwa na mabaraza ya wilaya, na sheria ya mwaka 2016 ikaeleza namna jamii itakavyoiandikisha. Yote haya yameandikwa vizuri. Lakini aliyeita baraza saa saba za mchana wa kiangazi, mjini, ametimiza hesabu ya mikutano na ameivunja maana yake, na hakuna mtu atakayemshtaki kwa kuwa karatasi zake zimekamilika.

Wengine hujitetea kwa nia njema. Hao huwakumbusha habari ya mti uitwao mathenge. Mti huo ulipelekwa Baringo katika miaka ya 1980, kwa nia iliyo njema kabisa: kuzuia ardhi isigeuke jangwa, na kuwapa watu kuni na kivuli. Mathenge ukapenda nchi ile kupita kiasi. Ulijaza malisho, ukaziba njia za kwendea maji, na maganda yake matamu yakawaozesha mbuzi meno. Katika kesi ya mwaka 2006 wenyeji walikwenda mahakamani na mbuzi kibogoyo awe kielelezo chao. Magazeti yalicheka sana. Mimi naona kwamba mbuzi yule alikuwa ripoti ya tathmini iliyochelewa zaidi ya miaka ishirini, na iliyoandikwa kwa lugha ambayo hakimu hakuhitaji mkalimani.

Kuchelewa huko kuna bei yake hata kwa Serikali. Mradi mkubwa wa bandari ya Lamu na njia zake za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012, nao ukikusudia ukanda wa upana wa mita 500 upitao katika nchi kavu ile ile ninayoizungumzia. Wavuvi wa Lamu walishtaki. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba tathmini ya mradi mzima ilipaswa kutangulia, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wenye kusema kwamba kuuliza kwachelewesha na ni ghali wangefanya vyema kuiandika hesabu hiyo ubaoni.

Wapinzani wangu wa kwanza wana mshale mmoja zaidi podoni: kwamba nchi tajiri zilijenga kwanza zikauliza baadaye, na kwamba sisi twawekewa masharti ambayo wao hawakuyashika. Kwa zamani ni kweli, na yale waliyoyaharibu ndiyo yaliyowafanya watunge sheria. Marekani iliweka sheria yake ya tathmini tarehe 1 Januari 1970. Tazama basi jangwa la Utah, karibu na mji wa St. George. Pana ardhi ya umma iitwayo Red Cliffs, ambayo Bunge la nchi ile liliihifadhi mwaka 2009, hasa kwa ajili ya kobe wa jangwa la Mojave, aliyetiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini tangu mwaka 1990. Mji unakua, magari yanazidi, na wakubwa wa pale wakataka barabara ya njia nne, yapata kilomita saba, ikatize makao ya kobe. Mwaka 2020 moto ulikuwa umekwisha kuteketeza sehemu kubwa ya makao hayo, na wataalamu walijua kwamba nyasi za kigeni zifuatazo barabara hukauka na kuwaka upesi kuliko mimea ya asili. Hata hivyo kibali kilitolewa Januari 2021. Watu wakashtaki mwaka ule ule, tathmini ikarudiwa, na Desemba 2024 kibali kikaondolewa, ikashauriwa kwamba barabara iliyokuwako ipanuliwe badala ya kukata mpya. Mwaka 2025 Serikali mpya ikalifungua shauri tena.

Utasema, tazama fujo yao! Nami nasema, tazama kilichowekwa mezani katika fujo hiyo. Palikuwa na njia zaidi ya moja zilizolinganishwa, kila moja na gharama yake, mbele ya kila atakaye kusoma. Mwenye gari na mwenye kumtetea kobe walisoma kitabu kimoja, kwa lugha yao wote, wakagombana juu ya jambo wanalolijua. Katika baraza langu palikuwa na njia moja tu, iliyokwisha kuchorwa, na kitabu kisichosomeka na mwenye nchi. Na kumbuka kwamba kule watetezi walisimama kwa ajili ya kobe. Huku kwetu tunazungumza habari za watu.

Nataka nini basi? Kwanza muhtasari wa ripoti, ambao kanuni zimesema usiwe wa kitaalamu, uandikwe kwa Kiswahili na kupelekwa shuleni, kwa sababu katika nyumba nyingi za kaskazini msomaji ni mtoto wa shule. Wewe ndiye mkalimani, msomaji. Na ukiambiwa fupisha, uwe na ukaidi ambao mimi sikuwa nao. Tena dole gumba la mahudhurio lisihesabiwe kuwa dole gumba la kukubali. Ziwe karatasi mbili. Na tathmini ya barabara ya nyika isifungwe kabla wachunguzi hawajaiona mvua moja ikinyesha pale, kwa maana atakayehesabu maji ya Chalbi wakati wa kiangazi atapata sufuri, naye atakuwa amehesabu sawasawa.

Jambo la mwisho ndilo lililonigombanisha na ofisa mmoja mwungwana, aliyenisikiliza kwa subira hadi hapo. Nilimwambia kwamba mkutano ufanywe kisimani, asubuhi, wakati wa kunywesha. Hapo ndipo wafugaji wote hufika, kila ukoo kwa zamu yake, na ndipo mambo ya maji huamuliwa tangu zamani. Akafikiri, akasema kwamba haiwezekani, kwani kisimani hapana viti. Yule mzee wangu wa swali la maji hakukalia kiti siku ile. Viti vilikuwa vimekwisha, wamekalia wageni.